Wasomaji Wanauliza: Herufi na nembo za vyombo vya angani vya runinga ya zamani

Maswali ya toleo hili yametoka kwa watu wa aina mbili: wanaojenga seti za filamu fupi zenye sura ya miaka ya 1960 na 1970, na wanaotengeneza nakala za vifaa vya tamthilia za wakati huo. Yaliyofanana tumeyaunganisha.

Swali: Ndugu wahariri, hongereni kwa kazi. Karibu kila chombo cha angani cha zamani kimeandikwa kwa zile herufi pana, za mraba, zenye pembe zilizolainishwa. Ni fonti gani, na kwa nini wote waling'ang'ania hiyo hiyo?

Jibu: Ni moja kati ya ndugu wawili. Mkubwa ni Microgramma, iliyochorwa na Alessandro Butti na Aldo Novarese na kutolewa mwaka 1952 na Nebiolo, kiwanda cha herufi cha Torino, Italia. Haina herufi ndogo hata moja. Mwaka 1962 Novarese alitoa Eurostile, ambayo herufi zake kubwa zina umbo lile lile, ila imeongezewa herufi ndogo. Ukiona kibao chenye herufi ndogo za umbo hilo, hiyo ni Eurostile, na seti inayodai kuwa ya mwaka 1960 imeshajiumbua.

Herufi O ya fonti hizi si duara wala si mstatili, na ndivyo kilivyokuwa kioo cha runinga cha zama zile. Hiyo ilisaidia. Lakini sababu nzito zaidi ni picha yenyewe. Picha ya Marekani ilikuwa na mistari 525, na inayoonekana ni takriban 480. Ya Uingereza ilianza na 405, baadaye 625. Mistari haikuchorwa yote kwa mkupuo: kwanza ile ya witiri, kisha ile ya shufwa. Sehemu ya herufi iliyolala na ambayo ni nyembamba mno huangukia kwenye awamu moja tu, ikawa inawaka na kuzima mara 30 kwa sekunde Marekani na mara 25 Uingereza, na jicho huiona ikitetemeka. Herufi zenye serifu nyembamba, yaani vile vijikia vya kwenye ncha, ziliumia sana hapo. Microgramma nene na pana haina sehemu nyembamba ya kupotea.

Sasa kosa tunaloliona kila mara. Mtu hana toleo pana, anachukua Eurostile ya kawaida na kuivuta kwa kompyuta hadi asilimia 140. Nguzo zilizosimama zinanenepa mara 1.4, zilizolala zinabaki na unene ule ule, na pembe zinapinda vibaya. Hata asiyejua fonti atahisi kuna kitu hakijakaa sawa. Tafuta toleo lililochorwa likiwa pana tangu mwanzo. Ukishaandika, ongeza nafasi kati ya herufi kwa asilimia 5 hadi 10, kwa sababu herufi pana zikibanana huonekana kama ukuta kwenye kamera.

Swali: Tulibandika namba za milango kwenye ujia wa chombo chetu, herufi za sentimita 3. Kwa macho zinasomeka vizuri kabisa. Kwenye picha ni ukungu mtupu. Tatizo ni kamera?

Jibu: Kamera haina kosa ikiwa mnapunguza picha ifanane na runinga ya zamani. Pigeni hesabu kabla ya kukata herufi.

Pimeni upana wa ukuta unaoingia kwenye fremu. Tuseme ni mita 3. Kwa fremu ya 4 kwa 3, kimo chake ni mita 2.25. Gawanyeni sentimita 225 kwa mistari 480, na kila mstari wa picha unabeba karibu milimita 4.7 za ukuta. Herufi yenu ya sentimita 3 imepata mistari sita na kidogo, na katika sita hiyo E inahitaji mikono mitatu na mianya miwili. Haiwezekani.

Kanuni tunayoitumia ni kwamba kimo cha herufi kisipungue sehemu moja ya 25 ya kimo cha fremu. Hapo kwenu ni sentimita 9. Unene wa mkono wa herufi usipungue mistari miwili, yaani karibu sentimita 1, la sivyo mtetemo ule wa awamu unarudi. Ndiyo maana vibao vya seti za zamani vinaonekana vikubwa kupita kiasi mtu anapovisogelea.

Kumbukeni pia kwamba runinga za nyumbani zilikata kingo za picha. Maandishi ambayo ni lazima yasomwe yawekwe ndani ya asilimia 80 ya katikati ya fremu, kwa upana na kwa kimo. Na msiandike kwa nyekundu juu ya buluu. Mfumo wa rangi wa Marekani uliipa mng'ao wa picha nafasi ya takriban megahezi 4, lakini rangi zilipata megahezi 1.3 au chini ya hapo, kwa hiyo mpaka kati ya rangi mbili zenye mng'ao unaokaribiana huyeyuka. Nyeupe iliyopooza juu ya kijivu cheusi inasomeka siku zote.

Swali: Naomba kujua kuhusu herufi zile za "kompyuta", nyembamba hapa na nene ghafla pale. Je, mashine za kweli ziliandika hivyo?

Jibu: Tarakimu zake ndiyo, alfabeti hapana. Asili yake ni E-13B, tarakimu zinazochapwa chini ya hundi za benki. Wino wake una madini ya chuma. Hundi ikipita kwenye mashine, wino unatiwa sumaku, kisha kichwa cha kusomea hupokea ishara inayopanda na kushuka kulingana na wingi wa wino kwenye kila mkanda wima. Yale mabonge yamewekwa makusudi ili kila tarakimu iwe na ishara yake isiyofanana na nyingine. Seti nzima ina alama 14 tu: tarakimu 10 na alama 4 za kibenki. Hakuna A wala B.

Alfabeti zilibuniwa na wachoraji walioipenda sura hiyo. Westminster ni ya Leo Maggs wa Uingereza, miaka ya 1960. Moore Computer ilitoka 1968. Data 70 ni ya Bob Newman, iliyotolewa mwaka 1970 na Letraset, kampuni ya herufi za kubandika kwa kusugua. Angalieni tarehe hizo: seti inayojifanya ya 1966 haiwezi kuwa na Data 70, na bado tunaiona kila siku.

Ukitaka kuchora tarakimu zako mwenyewe, E-13B imejengwa juu ya vijiraba vya inchi 0.013. Tarakimu ina kimo cha vijiraba 9, na upana wake hauzidi 7. Chora gridi ya 7 kwa 9, jaza vijiraba, kisha lainisha pembe za nje. Nguzo nyembamba iwe kijiraba kimoja, bonge liwe viwili au zaidi. Ukipunguza tofauti hiyo, sura yote inapotea.

Tumia fonti hii kwa kiasi. Neno moja juu ya kabati la kompyuta linatosha. Kibao cha maelekezo chenye mistari mitano ya Data 70 hakisomeki na mtu yeyote.

Swali: Nimepata karatasi kuukuu za Letraset. Nikisugua, herufi zinapasuka vipande. Kuna dawa?

Jibu: Inategemea zimezeeka kiasi gani. Herufi hizi za kusugua zilianza kuuzwa mwaka 1961 na ndizo zilizoandika sehemu kubwa ya vibao na kadi za runinga za Uingereza kwa miaka iliyofuata. Gundi yake hukauka, na utando wa wino hupoteza mnyumbuko.

Jaribu herufi usiyoihitaji, kwa mfano Q. Pasha karatasi kwa mashine ya kukaushia nywele kutoka umbali wa sentimita 20, sekunde chache tu. Futa uso unaoandikia kwa spiriti, kwa sababu mafuta ya vidole ni adui wa kwanza. Weka herufi kwenye mstari wa penseli, sugua kwa kijiti butu kuanzia juu kushuka chini, kwa mkono mwepesi, hadi herufi nzima ibadilike rangi kidogo. Hapo ndipo imeachia. Inua karatasi kutoka pembe moja, polepole. Kisha funika kwa karatasi ya nyuma, ile yenye utelezi, na usugue tena kwa nguvu. Wengi huruka hatua hii ya mwisho, halafu wanashangaa herufi kubanduka siku ya kurekodi. Maliza kwa vanishi ya kupuliza, tabaka mbili nyepesi. Tabaka moja nzito huyeyusha kingo.

Kama Q imepasuka hata baada ya kupashwa joto, acha. Piga picha ya skana ya karatasi nzima kwa dpi 600 (nukta 600 kwa inchi), chora upya mistari yake kwenye kompyuta, na ukate vinili. Stika za maji, zile za kulowesha na kutelezesha, nazo zinafaa kwa maandishi meusi, lakini printa ya kawaida ya wino haichapi nyeupe: neno jeupe kwenye karatasi angavu litatoka tupu.

Swali: Lebo zile za plastiki zenye herufi zilizoinuka zinafaa kwa paneli ya 1975?

Jibu: Zinafaa sana. Lebo hizo, ziitwazo Dymo kwa jina la mtengenezaji, zimejaa kwenye vifaa vya seti za miaka ile. Upana wa kawaida ni milimita 9 na 12. Weupe wa herufi si rangi, ni plastiki yenyewe iliyochoshwa kwa kukandamizwa, kwa hiyo tepe iliyokaa miaka mingi hutoa herufi hafifu au hukatika. Bonyeza mkono wa mashine hadi mwisho na ushikilie kidogo. Gundi ya tepe haipendi rangi ya maji iliyochakaa. Paka tone la gundi ya mpira kila ncha. Lebo hizi ni za picha ya karibu tu. Kwa mbali ni mstari mwekundu au mweusi usio na neno.

Swali: Habari wataalamu. Nashona sare ya kapteni ya Star Trek ya 1966. Marafiki wanabishana: ni ya njano au ya kijani? Na zile nembo za kifuani zina kanuni gani?

Jibu: Kitambaa kilikuwa cha kijani kibichi chenye kuelekea limau. Mbunifu wa mavazi William Ware Theiss alitumia veluru, kitambaa laini chenye manyoya mafupi, kwa misimu miwili ya kwanza, na veluru hiyo chini ya taa za studio na kwenye filamu ilitoka ya dhahabu. Ushahidi uko kwenye skrini yenyewe: shati la kapteni la kufunga kwa kupishanisha na sare yake ya sherehe vilishonwa kwa vitambaa vingine, na vyote vinaonekana kijani. Kwa hiyo amua mapema. Sare ya kuvaliwa kwenye maonyesho, watu wakiiona kwa macho, ishone ya dhahabu, maana ndiyo wanayoikumbuka. Ya kurekodiwa, kata vipande vitatu vya majaribio na uvipige picha chini ya taa utakazotumia. Veluru ilikuwa ikisinyaa kila ilipooshwa, ndipo msimu wa tatu wakahamia nailoni ya kufumwa. Ukinunua veluru ya pamba, ioshe kabla ya kukata.

Nembo ya mshale ina alama tatu kuu ndani. Nyota ni ya uongozi. Umbo la sayari yenye pete ni la sayansi na utabibu. Mzunguko wa konokono ni wa uhandisi na shughuli za chombo. Nesi Chapel ana msalaba mwekundu. Miguu ya mshale haina urefu sawa. Mtu akigeuza kiolezo upande wa pili, nembo inageuka kama kwenye kioo na mashabiki wataiona kutoka ng'ambo ya ukumbi. Gundisha kitambaa cha dhahabu juu ya kitambaa kigumu kwa gundi ya pasi kabla ya kukata, kisha zungushia mshono mweusi uliobanana. Ukikata kwanza, kingo zinafumuka.

Vyeo viko kwenye mkono wa shati, kwa utepe wa dhahabu. Luteni ana mkanda mmoja kamili. Luteni kamanda ana mmoja kamili na mmoja wa vipande vipande. Kamanda ana miwili kamili. Kapteni ana miwili kamili na katikati yake mmoja wa vipande. Luteni usu hana kitu. Usitumie mpangilio huu kwa kipindi cha kwanza cha majaribio, ambako maofisa wote walivaa mkanda mmoja.

Kuhusu mshale kuwa wa chombo kimoja au wa kikosi kizima, jibu lipo kwenye waraka wa mtayarishaji Robert Justman wa Desemba 1967, uliomkumbusha Theiss kwamba wanakikosi wote wa vyombo vya nyota wavae mshale. Uliandikwa baada ya wahudumu wa chombo Exeter kuvalishwa nembo tofauti. Komodoro Decker wa chombo Constellation naye ana nembo yake, na hao ndio waliozaa ubishi wote. Beji ya fedha juu ya duaradufu ya dhahabu ni ya mwaka 1987. Msiichanganye na hizi.

Swali: Na namba ya Enterprise, chombo cha Star Trek, NCC-1701, ilitoka wapi?

Jibu: Kwa Matt Jefferies, mkurugenzi wa sanaa, aliyekuwa rubani. Ndege za kiraia za Marekani zilisajiliwa kwa NC. Akaongeza C nyingine akifikiria CCCP, kifupi cha Kirusi cha Umoja wa Kisovieti. Tarakimu alizichagua kwa kuondoa zinazochanganyana kwa mbali: 3, 6, 8 na 9. Huo ni ushauri mzuri hata leo kwa yeyote anayebandika namba kwenye modeli.

Kuna jambo la kufurahisha zaidi. Constellation ina namba NCC-1017, kwa sababu ilikuwa modeli ya plastiki ya kiwandani ya AMT, na stika zake za 1701 zilipangwa upya. Hiyo si dhambi, ni bajeti. Ila kabla ya kupanga namba za vyombo vyenu, angalieni ni tarakimu ngapi za kila aina mlizonazo kwenye karatasi.

Modeli kubwa ya Enterprise, ya urefu wa takriban mita 3.4, iko kwenye makumbusho ya Smithsonian, Marekani. Upande wake wa kushoto ulibaki bila umaliziaji kwa sababu nyaya za taa ziliingilia huko, hivyo ilirekodiwa kutoka kulia. Ukihitaji chombo kiende upande wa pili, unageuza filamu, na maandishi nayo yanageuka. Tiba ni kubandika herufi zilizogeuzwa kabla ya kurekodi. Anayerekodi modeli ya upande mmoja aandae seti mbili za stika tangu mwanzo, na abandike ile ya kugeuza kwa gundi inayobanduka.

Swali: Nataka vibao vya kijiji cha The Prisoner. Nimepata Albertus lakini haifanani.

Jibu: Umefika karibu. Albertus ya Berthold Wolpe, iliyotolewa na Monotype katika miaka ya 1930, ndiyo msingi, lakini tamthilia hiyo ya 1967 iliirekebisha. Nukta za i na j zimeondolewa, na e imefunguliwa upande wa kulia ili kitanzi chake kisifunge. Andika neno, ligeuze kuwa michoro, futa nukta, kisha kata kitanzi cha e pale kinaposhuka kukutana na mkono wa kati. Miisho ya mikono katika Albertus hupanuka kidogo. Kata yako nayo iwe na mpanuko huo, la sivyo itaonekana imekwanguliwa kwa kisu. Kwenye beji ya baiskeli ya gurudumu kubwa, namba inakaa ndani ya gurudumu hilo.

Swali: Ile nembo ya mizunguko ya Time Lords, jamii anayotoka mhusika mkuu wa tamthilia ya Doctor Who, ilichorwa kwa ajili yao?

Jibu: Hapana. Roger Murray-Leach aliichora kama pambo la Wavogan, jamii nyingine ya angani, katika hadithi ya Revenge of the Cybermen ya 1975. Mwaka uliofuata, kwenye The Deadly Assassin, aliitumia tena kwa Time Lords, na ikabaki kuwa yao.

Swali: Paneli zetu zenye taa nyuma zina madoa ya mwanga, na nyeusi yake ni kahawia. Tumetumia filamu ya printa ya wino.

Jibu: Matatizo mawili tofauti. Paneli za Star Trek ya 1987, alizobuni Michael Okuda, zilikuwa filamu ya picha ya Kodalith, nyeusi kabisa na maandishi angavu, ikiwa na karatasi za rangi nyuma yake, juu ya akriliki. Fonti yake ni Helvetica Ultra Compressed. Zilipendwa kwa sababu kibao bapa ni nafuu kuliko vitufe vya kweli.

Filamu ya wino haifikii weusi huo. Chapeni nakala mbili na mzilaze moja juu ya nyingine, mkizilinganisha kwenye meza ya mwanga na kuzibana kwa tepe upande mmoja tu, ili joto lisizikunje. Au pelekeni faili kwa mchapaji mwenye filamu ya sahani za ofseti. Vitundu vinavyovuja mwanga vizibeni kwa kalamu nyeusi, upande wa nyuma.

Madoa yanatokana na taa kuwa karibu na kioo. Akriliki ya maziwa ya milimita 3 inatosha, mradi umbali kutoka LED hadi akriliki usiwe chini ya umbali kati ya LED na LED. Zikiachana sentimita 6, kina cha sanduku kiwe sentimita 6 au zaidi, na ndani pakeni nyeupe isiyong'aa. Mwanga ukizidi, ongezeni karatasi ya kutawanyia. Msitumie kipunguza mwanga cha bei ya chini: kinawasha na kuzima LED kwa kasi, na kamera itaonyesha mikanda myeusi ikipanda kwenye paneli.

Swali: GNDN iliyoandikwa kwenye mabomba ya Enterprise ni nini?

Jibu: Utani wa mafundi wa seti. Ni kifupi cha maneno ya Kiingereza "goes nowhere, does nothing", yenye maana kwamba bomba haliendi popote wala halifanyi lolote. Liandikeni kwa stensili, milimita 50, rangi nyeusi, mbali na mikono ya waigizaji.